Kukodi gari Maskati: walitudanganya kwa Kiswahili kizuri kabisa

Nilisema hili jambo niliache lipite, lakini kila mtu akiniuliza dada Omani vipi, tunaenda na watoto, gari tukodi wapi, moyo unanichemka upya kama jana, kwa hiyo leo naandika. Jina la ofisi silitaji.

Tulienda mimi, mama na dogo wangu ambaye ndo dereva. Mama ni mtu wa Tanga, na kwao maji ya waridi ni kitu cha heshima, harusini yapo kwenye mrashi, kwenye maulidi unanyunyiziwa, msibani yapo. Toka tuko wadogo anatusimulia kwamba yale mazuri yenyewe yanatoka Uarabuni huko milimani. Tulipokua ndo tukajua mlima wenyewe unaitwa Jabal Akhdar, uko Omani, na waridi wanachuma kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Mei hivi, alfajiri kabla jua halijakaza, halafu wanachemsha kwenye vyumba vya udongo vyeusi kwa moshi na ule mvuke ukipoa ndo maji yenyewe. Mama alikuwa anataka aone tu. Hakuna kingine alichokitaka Omani, si maduka wala nini, waridi tu. Ilikuwa Aprili, tukasema safari hii tumepatia.

Sasa kwenye ofisi tukamkuta kijana wa Kiomani, anaongea Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu mimi. Kwa asiyejua, Maskati utasikia Kiswahili sehemu nyingi, soko la Mutrah, kwenye teksi, hospitali, maana familia nyingi zilikuwa Zanzibar na bara zikarudi, wengine baada ya mapinduzi ya 1964, wengine pale Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 akaita watu warudi. Kwa hiyo ukifika unajisikia uko kwa ndugu. Na yule kijana akampa mama shikamoo, mama akaitika marahaba mwanangu, kijana akasema mama yake yeye kazaliwa Malindi Unguja, akatuletea kahawa na tende. Hapo sisi tushalegea.

Nikamwambia waziwazi, sikuzunguka: tunaenda Jabal Akhdar kuona waridi, tupe gari linalopanda. Akatuonesha gari refu, limenyanyuka, tairi nene, akasema "hii inapanda mpaka juu, mama yangu, wala usiwe na khofu." Nanukuu kama alivyosema maana sitasahau. Tukalipa, tukasaini, na rial ni pesa nzito jamani, rial moja ni dola mbili na senti sitini, ukigeuza kuwa shilingi kichwa kinauma.

Tukachagua kwenda Ijumaa kwa sababu Ijumaa asubuhi Nizwa kuna mnada wa mbuzi na mama alitaka auone pia. Tumetoka Maskati baada ya alfajiri, mnada tukauwahi, wenye mbuzi wanawazungusha kwenye duara na wanunuzi wamekaa pembeni, anayemtaka mbuzi anamsimamisha, kelele tupu, raha kweli. Halafu tukarudi nyuma kidogo mpaka Birkat al Mouz, ambapo ndo barabara ya mlima inaanzia. Pale kuna kizuizi cha polisi. Saa nne na kitu asubuhi.

Askari kijana, mpole, kasalimia vizuri. Akachungulia ndani karibu na gia, akazunguka, akaangalia kadi ya gari, akatikisa kichwa. Gari si fowili. Yaani ni refu kwa umbo tu, linavuta tairi mbili, na sheria ya pale ni kwamba kama gari halivuti tairi zote nne hupandi. Dogo akajaribu kujieleza, akamwambia lami si ipo mpaka juu, askari akasema ndiyo lami ipo, tatizo ni kushuka, mteremko ni mkali na mrefu, watu breki zinaungua wanaanguka. Mi askari simlaumu hata kidogo, kafanya kazi yake na kaifanya kwa adabu.

Nikampigia yule kijana. Hapokei. Nikapiga tena, hapokei, nikatuma voisi, tiki mbili za bluu, kasikia. Mara ya tano au ya sita akapokea. Nikaanza kwa Kiswahili, yeye akanijibu kwa Kiingereza. Nikaendelea kwa Kiswahili, yeye Kiingereza tu, kikavu, soma mkataba, umesaini, leo Ijumaa ofisi imefungwa. Nikamwambia kaka yangu, wewe si ulimwambia mama inapanda? Akasema yeye hakumbuki. Akakata.

Hicho ndo kimenikaa rohoni. Gari kukosewa linaweza kukosewa, binadamu tunakosea, lakini mtu aongee na mama yako Kiswahili kitamu mpaka pesa iingie mfukoni, halafu siku ya shida Kiswahili chenyewe hakijui tena! Ningekuta Mwarabu asiyejua hata habari ya asubuhi nisingeumia hivi, maana ningekuwa macho, ningesoma karatasi yote. Na kweli tulipokuja kuusoma ule mkataba imeandikwa, kwa Kiarabu na Kiingereza, herufi ndogo, kwamba gari hilo haliruhusiwi milimani. Hatukusoma. Hilo ni kosa letu nalikubali. Ila tusingesaini bila maneno yake, na yeye anajua hivyo.

Kubadilisha gari sasa? Ijumaa kule mambo yanasimama, wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, maduka mengi mpaka alasiri ndo yanafunguka. Pale karibu na kizuizi wapo watu wenye magari yao ya fowili wanapandisha wageni kwa kulipwa, mmoja akaja, dogo akaanza kupatana naye. Mama akakataa. Akasema nimeshalipia gari la kupanda mlima, silipi mara mbili. Tulimbembeleza sana, nilimwambia mama pesa zipo, akasema si pesa. Basi tukaenda tukakaa kwenye mashamba ya migomba, pale ndo maana panaitwa Mouz, ni ndizi hizo, kuna falaji, mfereji wa maji wa zamani sana, maji yanapita baridi masafi. Mama akanawa mikono, akakaa akiangalia ule mlima. Hakusema kitu mpaka tunarudi Maskati. Mimi nililia kwenye gari kimyakimya.

Nitende haki lakini. Gari lenyewe lilikuwa zima, kiyoyozi kinapiga barabara, na Omani bila kiyoyozi usijaribu. Dogo siku ya kwanza alihangaika kidogo maana kule wanaendesha kulia, siku ya pili kashazoea, barabara zao nzuri mno. Kwa mtu wa kuzunguka Maskati, Sur, Nizwa, gari lile lilitosha kabisa. Hapo ningetoa nyota tatu.

Tulivyorudisha gari nilikuwa nimejipanga, maneno yote nimeyapanga kichwani. Nafika, kijana yupo, kaniona akainuka, wala hakunitazama mimi, akaenda moja kwa moja kwa mama na chupa ya maji ya waridi, ya Jabal Akhdar, akasema mama nisamehe, siku ile nilikuwa na hasira za nyumbani. Kwa Kiswahili. Mama akaipokea! Akamwambia nimekusamehe mwanangu. Njiani ananiambia kijana yule ana asili njema, usimwandike vibaya. Kwa hiyo pale nikasema sawa, nyota nne, kaomba radhi, wangapi wanaomba radhi?

Lakini kila nikiwaza, ile chupa siyo mlima. Kuomba radhi angeturudishia hata nusu ya pesa, au angesema kesho chukueni fowili bure mumpeleke mama, tulikuwa bado tuna siku mbili. Hakusema. Na waridi za mwaka ule zikaisha. Nyota moja, na mama anisamehe.

Ukienda, usikubali neno "linapanda", mwambie akuoneshe kwa kidole ile swichi au gia ya fowili, na aandike Jabal Akhdar kwa mkono wake kwenye mkataba. Ijumaa usiende. Chupa iko kabatini kwa mama, imebaki nusu, anatumia siku za maulidi tu.