Datsun 240Z ya 1972 hapa Mtwara: uzoefu wangu wa miaka minne na chumvi ya bahari

Habari zenu wakuu. Kila nikitoka na hii gari nasimamishwa, iwe sheli, sokoni, hata nje ya msikiti, watu wanauliza ni gari gani, nimeitoa wapi, inakula mafuta kiasi gani, na kama nauza. Nimeona niandike yote mara moja maana mi wakati nanunua sikupata mtu wa kunielekeza kwa Kiswahili niangalie nini, na kukosa huko kumenigharimu hela nyingi tu.

Gari ni Datsun 240Z, ya 1972, usukani kulia, milango miwili, viti viwili, boneti ndefu utadhani mtumbwi. Injini ni L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2393, kabureta mbili. Nissan walianza kuitoa Japani mwaka 1969 na kule kwao iliitwa Fairlady Z, ila huku kwetu jina lake lilijengwa na Safari Rally, ile ya zamani iliyokuwa inapita Kenya, Uganda na Tanzania. 1971 walishinda nayo Edgar Herrmann na Hans Schüller, 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na mwenzake Lofty Drews, tena mwaka huo Mehta alilingana alama na Datsun nyingine ya Harry Källström mpaka kanuni ndo ikaamua. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikata picha ya hiyo gari gazetini ikiwa imejaa tope mpaka kwenye vioo, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo. Nimekua nikiiona kila nikifungua kabati kutafuta shati la shule. Kwaiyo mtu akiniuliza kwanini sikununua Harrier kwa hela hiyo, jibu langu ni hilo kabati.

Niliipata Lindi mjini, mwishoni mwa 2021, kwenye nyumba ya zamani ya mawe karibu kabisa na bahari. Mi nauza pembejeo, salfa ya mikorosho na mabomba ya kupulizia, sasa mteja wangu mmoja akaniambia kuna mama mjane ana gari la marehemu limelala kwenye banda zaidi ya miaka 20, limefunikwa turubai. Nikaenda. Nilipovuta lile turubai na kuona taa za mbele zimezama ndani ya yale mabakuli yake, mwili ulinisisimka.

Yule mama akaniangalia akasema, "Mwanangu, hii marehemu hakuna mtu alikuwa anaigusa. Wewe unaenda kuikata uuze vyuma?" Nikamwambia, "Hapana mama, nataka itembee." Alianza na milioni 20, tukaishia 12. Najua wengine mtasema nilipigwa kwa gari isiyowaka, ila huko nje nzima zake zinauzwa bei ambayo ukiibadilisha kuwa shilingi unaweza kujenga, kwaiyo kwangu ilikuwa bei ya halali.

Sasa hapa sikilizeni vizuri mnaotaka kununua gari ya zamani ya marehemu. Kadi ilikuwa na jina la baba, kwaiyo mama hakuwa na uwezo wa kuniuzia tu hivi hivi. Tulisubiri mirathi ifunguliwe mahakamani, mtoto wao mkubwa akateuliwa msimamizi, yeye ndo akasaini mauziano, ndo tukaenda TRA kubadilisha umiliki. Ilichukua miezi mitano na sikutoa hela yote mpaka mwisho. Pia linganisha namba ya chasisi na kadi kabla ya yote. Kwenye 240Z imegongwa kwenye ule ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi, na ya usukani wa kulia inaanza na HS30, ukiona HLS30 ujue ilizaliwa usukani kushoto na kuna mtu kaihamisha. Yangu ilikuwa HS30 safi, na injini imeandikwa L24 kwenye bloku.

Kosa langu lilikuwa kwenye bodi. Mi nilihangaika na injini, nikachomoa plagi, nikamwaga dizeli kidogo kwenye silinda, nikazungusha kwa mkono siku tatu mpaka ikalegea, nikafurahi nikajua gari nimepata. Kumbe injini ndo ilikuwa sehemu rahisi. Hii gari bati lake ni jembamba na siku zile hawakuwa na kinga ya kutu kama za leo, na imekaa miaka 20 inapuliziwa upepo wa bahari ya Lindi. Kutu yake inaanzia ndani inatoka nje, ukiona kidoti kimoja cha kutu kwenye rangi basi upande wa pili kuna shimo la kuingiza ngumi.

Nikaipeleka kwa mtu wa bodi Dar, gereji nzuri tu ina geti na kamera, nikalipa milioni 6, baada ya miezi minne ikarudi inang'aa nyekundu kama mpya. Nikashukuru Mungu. Masika ya kwanza tu, kwenye bati la chini ya mlango wa kushoto, rangi ikavimba kama lengelenge la moto. Nikachukua sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, nikaifunga kamba, nikaanza kuipitisha taratibu kwenye bodi. Kwenye paa inanata. Kwenye boneti inanata. Nikashuka chini ya mlango, sumaku ikaanguka yenyewe chini. Nikairudisha, ikaanguka tena. Nikachukua bisibisi nikasukuma kwa kidole kimoja tu, ikazama yote mpaka kwenye mpini, na ndani ikatoka puti nyeupe ya kuzibia mashimo, gazeti lililokunjwa na wavu wa madirisha ya mbu. Wavu wa mbu wakuu! Kwenye sehemu ambayo ndo inabeba uzito wa gari, maana hii haina chasisi ya lori, bodi yenyewe ndo chasisi. Gari ingeweza kukatika katikati nikiwa nayo barabarani na mtoto pembeni. Niliumia sana ile siku na mpaka leo sijarudishiwa hata shilingi.

Kwaiyo ukienda kukagua, beba sumaku na bisibisi, na lala chini, usione aibu kuchafuka. Angalia reli mbili za chini ya sakafu, angalia sehemu betri inapokaa maana tindikali ikimwagika pale inashuka mpaka kwenye reli, toa tairi la spea uangalie lile shimo lake, inua kapeti za miguuni. Muuzaji akikataa usitoe kapeti, aga uondoke.

Kazi ya pili ilifanyika hapahapa Mtwara, na kijana mmoja wa kuchomelea ambaye kazi yake kubwa ni mageti na matrela ya trekta. Nilikaa naye wiki tano, tunakata kutu yote mpaka chuma kizuri, tunakunja bati la milimita 1 kwa mkono, tunachomelea nukta nukta ili bati lisijikunje kwa joto, halafu praima ndani na nje. Milioni 3 na laki 4 pamoja na vifaa. Imekaa miaka mitatu sasa na sumaku inanata kila mahali. Bado rangi haijalingana upande huo na siijali.

Jambo la pili ni pa kuilaza. Mwanzo nilikuwa naiweka nyumbani Shangani, mita chache kutoka baharini, halafu masika nikaihamishia stoo ya salfa nikijua kule kukavu. Ikawa mbaya zaidi. Vumbi la salfa likikutana na unyevu linakula shaba, ndani ya miezi miwili vichwa vya nyaya vyote vikawa vyeusi, taa zinawaka zikitaka. Sasa hivi inalala Naliendele, bara kidogo, kwenye banda la bati ambalo nimeacha uwazi juu na chini upepo upite, na siifuniki turubai hata siku moja, turubai linafungia jasho. Kila nikitoka nayo ile barabara ya Mikindani inayopakana na maji, nikirudi naiosha chini kwa maji ya bomba, halafu nakagua vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango kwa waya wa baiskeli. Vikiziba mchanga, mlango unageuka ndoo. Mara mbili kwa mwaka napasha oili ya giaboksi nachanganya na grisi napulizia kwenye matundu yote ya ndani ya bodi kwa bomba la kupulizia mikorosho, lipya lakini, siyo lililotumika. Usipulizie karibu na breki.

Injini sasa. Hapa nampa heshima zote mzee mmoja fundi wa Chikongola, amestaafu, macho yamepungua nguvu ila masikio hayajapungua. Vijana wa gereji walikuwa wananiambia nitoe hizo kabureta nifunge ya gari nyingine moja tu, maana gari ilikuwa ina misi (inakatakata) kwenye sailensa, yaani ikinguruma tu bila kukanyagwa, na inatoa moshi mweusi. Mzee akaja, akaomba kipande cha mpira wa kunyonyea petroli. Akaweka ncha moja kwenye mdomo wa kabureta ya mbele na nyingine sikioni, akasikiliza. Akahamia ya nyuma. Akasema, "Hii inapiga mluzi, hii inahema, hawa hawajala pamoja." Akafungua vile vifuniko vya juu, ndani palikuwa pakavu kabisa. Hizi kabureta ni Hitachi za mfumo wa SU, juu kuna kipistoni kinachohitaji oili nyepesi kidogo, bila oili ukikanyaga ghafla gari inakohoa. Mi nilikuwa sijui, na vijana nao walikuwa hawajui. Akatia oili, akageuza skrubu robo robo, anarudisha mpira sikioni, dakika 40 hivi, mpaka milio miwili ikawa mmoja. Akaweka glasi ya chai juu ya kava ya vali, chai haikumwagika. Nilimlipa elfu 50 akanirudishia 20, kasema hiyo ya 20 ni yake ya kuisikia tena L24 kabla hajafa.

Alinipa na vipimo navitumia mpaka leo. Uwazi wa vali injini ikiwa ya moto, ya kuingiza milimita 0.25, ya kutolea 0.30. Uwazi wa platini za kwenye distribyuta kati ya milimita 0.45 na 0.55. Plagi NGK BP6ES. Spea siyo janga kama watu wanavyodhani, kwasababu L28 iliyofungwa kwenye Nissan Patrol za miaka ya 80 ni ndugu wa tumbo moja na L24. Wotapampu yangu ni ya Patrol, filta ya oili hivyohivyo, gasketi ya kava ya vali hivyohivyo. Ila gasketi ya hedi agiza ya L24 yenyewe maana pistoni ya L24 ni milimita 83 na ya L28 ni 86. Vitu vya bodi, mipira ya vioo, taa, urembo, hivyo ni kuagiza Japani au Uingereza na usubiri.

Na kuhusu mipira, hili ni la usalama. Safari ya kwanza Mtwara mpaka Lindi, kama kilomita 100, nilikuwa na mdogo wangu wa kike, tukafungua vioo tupate upepo. Tulipofika Mingoyo anasema kichwa kinamgonga na anataka kutapika, na mi macho yanawasha. Kumbe ni ugonjwa maarufu wa hizi gari, mpira wa mlango wa nyuma, ule wa buti, ukikauka, moshi wa ekzosi unanyonywa ndani, na ukifungua vioo ndo unanyonya zaidi. Nimebadilisha mpira wote, na ile mipira midogo ya taa za nyuma. Harufu imeisha kabisa. Usimpakie mtoto kabla hujafanya hivyo.

Mafuta inakula kama lita 1 kwa kilomita 9 nikiwa mstaarabu. Tenki lita 60, kwaiyo Dar sifiki kwa tenki moja, naongeza Nangurukuru. Breki mbele diski nyuma drami, zinatosha ila siyo za kufukuzana na mabasi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga nilikuwa Dar nayo, nikaiacha kwa binamu wiki mbili kuliko kuipitisha kwenye maji, na nisingejuta hata ingekuwa miezi miwili.

Lakini asubuhi ukiwa umetoka Mingoyo unaelekea Mtama, lami tupu, mikorosho kulia na kushoto, unaweka gia ya nne, injini kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, ule mlio wa silinda sita unatulia unakuwa kama mtu anaimba amefunga mdomo. Hapo inanilipa yote. Jumla mpaka leo ni kama milioni 31 ukihesabu kununua, na ile 6 ya Dar imo.

Kwa sasa natafuta geji ya mafuta ya kwenye tenki na feni yenye klachi yake. Kama uko Newala, Nachingwea, Masasi au popote Kusini na una Patrol ya zamani yenye L28 imekaa juu ya matofali uani, tafadhali usiwape wa vyuma chakavu kabla hatujaongea, hata kama injini imekufa nakuja kuiangalia.