Scania R420 iliyotumika Uingereza: maoni yangu baada ya miaka miwili njia ya Zambia

Wakuu, kuna ndugu wa Makambako juzi kaniuliza achukue kichwa cha Scania (lori la kuvuta tela) kilichotumika au atafute Howo mpya ya Kichina kwa mkopo, na mimi swali hili naulizwa karibu kila nikisimama mizani kwahiyo acha nijibu kwa kirefu. Mimi na kaka yangu tuna kichwa kimoja tu, R420, kina miaka miwili na sisi sasa, kinapanda na mbolea kutoka Dar kinarudi na shaba ya Zambia, mzigo ukikosekana Tunduma tunachukua mbao Mafinga. Dereva ni baba yetu mdogo, aliwahi kuendesha zile Scania 113 za zamani, ndiye aliyetusimamia siku ya kununua.

Injini ni silinda sita, lita 11.7, farasi 420. Farasi 420 siku hizi sio kitu cha kushangaza, Wachina wanazo hizo na zaidi. Kupanda Kitonga na mzigo kinapanda taratibu kinafika, sina la kuongeza. Mimi kilichonifanya nikipende hiki kichwa ni kushuka. Kutoka Iringa una shaba nyuma, umeshapita Ilula, pale mbele kona zinaanza na upande mmoja ni bonde, hapo ndio utajua kama ulinunua gari au ulinunua rangi. Retarda inakaa nyuma ya giaboksi, inatumia oili kuizuia propela isizunguke kwa kasi, yaani gari linashikwa bila kugusa breki za tairi, breki zinabaki za baridi zikikusubiri siku ya dharura. Ila joto lote la kazi hiyo linaingia kwenye maji ya rejeta, na ndio maana baba mdogo anashuka na gia ndogo injini izunguke 1,800 au zaidi, pampu ya maji ifanye kazi. Ukishuka na gia kubwa injini imelala, maji yatachemka na retarda itapunguza nguvu yenyewe ukiwa katikati ya mteremko. Nawaomba sana wenye madereva vijana wawaelekeze hili, maana wengi wanaona ile swichi wanadhani basi imetosha, na Kitonga tumeshazika watu.

Sasa soko. Vichwa vya Ulaya vilivyotumika vinatoka sana Uingereza kwasababu wenzetu nao usukani wao uko kulia kama sisi, na kule wanapenda ekseli tatu lakini difu moja, yaani ekseli moja tu ndio inasukuma gari, ekseli ya katikati inanyanyuliwa gari likiwa tupu. Kwa lami hiyo ni neema, tairi zinadumu na kichwa ni chepesi, na wepesi una maana kubwa tangu sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 ianze kusimamiwa huku kwetu 2019, mwisho tani 56 kwa ekseli saba, kila kilo ya chuma cha gari lako ni kilo ya mzigo uliyoiacha chini. Lakini ukikiingiza Isyonje kufuata viazi masika, au ndani kabisa ya misitu ya Mufindi, kitateleza, usijidanganye. Kule Howo ya difu mbili au Fuso tandam ndio kazi yake, na mtu wa viazi akiniuliza simwambii anunue kama changu.

Stendi nako mambo yamebadilika, zamani ukisema basi la Mbeya Dar watu walikuwa wanataja Scania, leo simama stendi ya Nane Nane Mbeya uhesabu mwenyewe Yutong, Zhongtong na Higer. Tajiri anapata basi jipya lenye AC, tena tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku basi moja linaweza kupiga kazi zaidi, hesabu ya mkopo inamkalia vizuri. Hata kwenye malori ni hivyohivyo. Na Howo zenye injini za MC sio za kubeza, teknolojia yake imetoka kwa MAN ya Ujerumani, na hao MAN na Scania wa Sweden leo wako kundi moja la Volkswagen.

Kwanini basi sisi wa gari moja bado tunaitafuta Scania? Spea. Hawa jamaa wana utaratibu wa kutengeneza kifaa kimoja kikaingia kwenye gari nyingi, mfano ile injini ya lita 9 ya silinda tano utaikuta kwenye lori la P310 na kwenye basi la K310. Kwahiyo basi likifa Mwanjelwa linafufua lori, na fundi aliyekulia kwenye basi anafungua lori bila kubahatisha. Mwenye gari kumi moja likilala anaendelea kula, mimi likilala na mshahara wa baba mdogo umelala.

Tatizo la spea hizo ni feki. Mwaka jana tuliuziwa nozo, zile za kupulizia dizeli ndani ya injini, kwenye duka moja hapa mjini, boksi zuri kabisa lina stika, gari likaanza kutoa moshi na kunywa dizeli kama limetoboka, tukapoteza safari mbili. Fundi alivyozifungua akatuonyesha ni za kukarabatiwa zimepakwa rangi. Jamani huu ni wizi unaoua, nozo mbovu inaweza kutoboa pistoni ukiwa Mikumi saa nane usiku. Siku hizi nanunua mbele ya fundi wangu au sinunui.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeiacha kwa mambo ya umeme, ukipata taa ya onyo unahitaji mtu mwenye kompyuta, na huko njiani hawapo wengi. Pia R420 zipo zinazotumia AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi, na zisizotumia, chungulia kama kuna tangi dogo jirani na la dizeli, sisi tulitafuta isiyotumia makusudi.

Ndugu wa Makambako, kinachoninyima usingizi ni TAZARA, Wachina wamesaini 2025 kuifufua, reli kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na shaba ni mzigo wa treni haswa. Kama hesabu yako yote ni shaba subiri kwanza uone. Kama ni mbao na mchele wa Mbarali, nunua, ila siku ya kukagua usikubali kuonyeshwa gari uwanjani tu, omba lifungwe tela lenye mzigo mshuke nalo Mlima Nyoka, wewe ukae pembeni ya dereva umwangalie mguu wake wa breki.