Miezi minane na Micro-Nikkor 55mm: kutoka dagaa wa Mwaloni hadi kereng'ende

Niliinunua kwa muuza vifaa vilivyotumika hapa mjini Mwanza, shilingi 110,000, imefungwa kwenye gazeti. Ni lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, Micro-Nikkor 55mm f/3.5, chuma kitupu, ya enzi za kamera za filamu. Pete ya kulengea ni nzito kidogo, laini, haikwami popote. Nilipofika nyumbani nikaimulika kwa tochi ndipo nikaona utando mweupe wa fangasi pembezoni mwa kioo cha nyuma. Muuzaji akaniambia eti ni vumbi. Kwa hiyo mulika kabla hujatoa hela! Utando wangu haujaonekana kwenye picha hadi leo, ila sasa lenzi inalala kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kamera yangu ni Canon 600D. Watu huuliza Nikon imeingiaje humo. Lenzi za Nikon zimepimwa kukaa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, Canon EOS ni 44. Katika hizo 2.5 zinazobaki ndimo adapta inamokaa, pete tu isiyo na kioo, na bado unalenga mpaka ng'ambo ya ziwa. Mwenye Nikon akitaka lenzi za zamani za Canon, hesabu hiyo inamkataa. Adapta yangu ya kwanza ilikuwa ya bei ya kutupa, ikawa inacheza, nimebadilisha.

Kazi ya lenzi niliielewa kwenye soko la samaki la Kirumba Mwaloni. Bila kuongeza kitu, lenzi hii inafika nusu ya ukubwa halisi, maana yake kwenye 600D picha inabeba upana wa sentimita nne na nusu hivi. Dagaa mmoja mkavu anakujazia fremu. Unaona jicho lililozama, magamba, chembe za mchanga zilizogandia tumboni. Niliinama pale muda mrefu mpaka mama mmoja akasema, "Kaka, unanunua au unawahesabu?" Nikanunua sado moja. (Huwezi kupiga picha za bure Mwaloni, usijidanganye.)

Hakuna fokasi ya yenyewe, na kwenye skrini namba ya tundu, yaani uwazi wa kupitisha mwanga ndani ya lenzi, inasomeka 00. Nalenga tundu likiwa wazi kwenye 3.5, kisha nafunga pete ya tundu nikihesabu mibofyo mitatu hadi f/8 bila kutazama. Picha kwenye skrini inakuwa giza kidogo, basi. Mwanzoni nilikuwa nazungusha pete ya kulengea huku na huku nikichanganyikiwa. Sasa naiacha ilivyo na kusogeza kichwa mbele na nyuma, nikiwa nimekuza skrini mara 10, nabonyeza jicho la mdudu linapong'aa. Kwa f/8 sehemu iliyo kali haizidi milimita mbili, hivyo hata pumzi inaharibu. Nikifunga hadi f/22 kina kinaongezeka lakini picha yote inalainika, afadhali f/11.

Adui mkubwa ni upepo. Huku kwetu ikifika saa nne ziwa linaanza kuvuma kuja nchi kavu na kila jani la mafunjo linacheza. Natoka saa kumi na mbili na nusu, kereng'ende akiwa bado na umande mgongoni na baridi imemshika. Hapo anakuvumilia hata ukimsogelea shubiri moja. Flashi ya kamera siitumii, lenzi yenyewe inaweka kivuli juu ya mdudu. Nashika kipande cha boksi jeupe upande wa pili wa jua, kinatosha.

Imenishinda kwa mijusi. Wale wa kwenye mawe ya Capri Point, dume mwenye kichwa cha waridi na mwili wa bluu, ukifika umbali unaohitajika na 55mm keshaingia kwenye ufa. Nimepata mikia mingi. Anayetaka mijusi au vipepeo wenye haraka atafute lenzi ndefu, 100mm kwenda juu. Na arusini usiibebe, bwana harusi hatakusubiri uhesabu mibofyo.

Sasa natafuta pete ya kurefusha ya milimita 27.5, ile inayoifikisha ukubwa halisi. Niliyemkuta nayo anataka 60,000. Nimemwambia nitarudi, naye akacheka, anajua nitarudi.