Uzoefu wangu na kozi ya afya ya ng'ombe na teknolojia ya shamba: pesa haikupotea, ila walifunza mtu mwenye hakamui

Wacha niandike hii kabla nisahau juu kuna majirani wawili hapa Dagoretti wameniuliza kama walipe ama waachane nayo. Nimemaliza kozi ya wiki 8 ya wafugaji wa maziwa, afya ya ng'ombe na teknolojia ya shamba, nimelipa 7,500 kwa M-Pesa mara moja, hakuna kulipa pole pole. Masomo ni kwa Zoom mara mbili kwa wiki halafu kuna Jumamosi mbili za kwenda shambani kujionea. Jina la waandalizi siweki, wanaonijua wataniuliza. Mimi niko na ng'ombe wanne, watatu wanakamuliwa na mmoja ni mtamba, banda liko nyuma ya nyumba, nyasi ya neipia naletewa na pikapu, na kuna kijana ananisaidia ambaye ndiye anakamua. Mimi kukamua najua lakini vidole vilishakataa.

Sababu ya kujiunga haikuwa elimu, nilikuwa na vita. Kuna mama wa hoteli hapo chini anachukua lita 10 kila asubuhi, na akaanza kuniambia maziwa yangu yanakatika akichemsha, si kila siku, leo sawa kesho yanakatika. Mimi nikamwambia ni sufuria zake, yeye akaniambia ni mitungi yangu, tukaachana vibaya na nikamfokea kijana wa watu mara mbili kwamba haoshi vyombo vizuri. Sasa wiki ya tatu ya kozi mwalimu akafika kwa masitaitisi, ule ugonjwa wa kiwele, akasema kuna ile unaona kwa macho, kiwele kimevimba na maziwa yana vidonge, na kuna ile ya kujificha, ng'ombe anakula vizuri, maziwa meupe, hakuna kitu unaona, lakini ndani kiwele ni kigonjwa, na hayo maziwa pia yanaweza kukatika kwa moto. Nilinyamaza hapo kwa simu kama mtu ameitwa jina.

Jumamosi ya shambani tukaenda Githunguri na hapo ndio pesa yangu ilirudi. Wakatuonyesha kile kisahani cha plastiki chenye vikombe vinne, kila chuchu na kikombe chake, unakamua kidogo, unaweka dawa kiasi sawa na maziwa, unazungusha pole pole. Ikibaki majimaji uko sawa, ikishikana uko na shida. Nikanunua yangu agroveti nikirudi, na Jumapili asubuhi nikaingia bandani na kijana, yeye ameshika tochi, mimi nazungusha. Ng'ombe wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Tukafika kwa Madamu, ndiye ananipa maziwa mengi kuliko wote na ndiye nimekuwa nikijisifia, vikombe vitatu viko kama maji na kile cha nyuma kushoto kikaanza kuvutana. Kijana akasema, "Mama, hii imekuwa mrenda." Na ilikuwa mrenda kweli, ukiinamisha kisahani inateremka yote pamoja.

Halafu akaongeza kitu ambacho bado kinanisumbua. Akasema hiyo chuchu ameiskia ngumu kidogo tangu mvua ianze, alidhani ni kawaida, na vile nilikuwa nimemfokea mambo ya mitungi akaona anyamaze tu.

Daktari akaja akatibu, maziwa yakamwagwa siku zote zilizoandikwa kwa dawa, hapo usijaribu kuwa mjanja maana maziwa yenye antibayotiki si ya kuuza na si ya kupatia ndama. Nilikuwa nayaangalia yakienda na mtaro nikipiga hesabu. Tukabadilisha na utaratibu: Madamu anakamuliwa mwisho, kila ng'ombe na kitambaa chake, chuchu zinachovywa kwa dawa ya ayodini baada ya kukamua, na chakula kinawekwa saa hiyo hiyo ili ng'ombe asimame kama nusu saa, kwa sababu tundu la chuchu bado liko wazi na akilala kwa mavi uchafu unaingia moja kwa moja. Miaka yote mimi nilikuwa napea chakula wakati wa kukamua, wakimaliza wanalala. Hakuna mtu alikuwa ameniambia! Kwa mama wa hoteli nilipeleka lita 2 za bure na pole, akachukua, lakini hadi leo yangu anachemsha kwanza kwa kisufuria cha kando.

Sehemu ya ndigana kali pia walifanya vizuri, nilikuwa najua ni kupe na tezi kuvimba chini ya sikio, sikujua kuna chanjo ya mara moja tu maishani, na kwamba ilitoka kwa kazi iliyofanywa hapo Muguga, karibu na Kikuyu, mahali napitia kila nikienda kutafuta nyasi. Shida ni inahifadhiwa kwa naitrojeni baridi kabisa na inafunguliwa kwa dozi nyingi pamoja, so na ng'ombe wanne siwezi kuitisha peke yangu, lazima majirani mjikusanye. Tumejikusanya watano, mmoja bado anasema ng'ombe wake hawana kupe, na mimi nimewaona.

Sasa teknolojia. Hapo sitadanganya, masomo mawili mazima yaliishia kwa video za Uholanzi na Marekani, roboti ya kukamua ya kampuni ya Lely, ng'ombe anajipeleka mwenyewe, mashine inatafuta chuchu kwa leza. Tamu kuangalia, nilimwita hadi mume wangu. Lakini hizo mashine ziliingia sokoni Uholanzi tangu 1992 na hapa bado tunapigwa na stima kupotea. Wakaja na zile kola zinahesabu hatua za ng'ombe ili ujue ako na hiti, yaani anataka kupandwa, kwa sababu akiwa na hiti anatembeatembea sana. Kwa mtu wa ng'ombe 200 naelewa, mimi wangu akishika hiti mtaa mzima unajua kwa kelele. Kilichonisaidia ni kitu kidogo tu, ukiona hiti asubuhi ita mtu wa kupandisha jioni, ukiona jioni ita asubuhi, na uandike tarehe, uangalie tena baada ya siku 21. Nimeweka kalenda ya ukutani na kalamu imefungwa na kamba. Nilishangaa hawakugusa hata iCow ya Su Kahumbu, ile huduma ya simu ya wafugaji, iliyoanza hapa hapa Kenya 2011 na inafanya kazi hata kwa simu ya mulika mwizi.

Malalamiko mengine: cheti kilichelewa, notsi ziko kwa Kiingereza tupu, na darasa ni saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja! Kozi ya watu wa maziwa! Aliyepanga hiyo saa hajawahi kusimama nyuma ya ng'ombe. Nilikuwa nasikiliza na spika moja ya sikio, ndoo upande huu, wateja kwa geti, bando inaisha katikati ya swali.

Lakini kubwa ni hii, wanafunza mwenye shamba, na mkono unaoshika chuchu mara mbili kwa siku si wake. Niliuliza kama naweza kukaa na kijana wangu kwa malipo hayo hayo wakasema kiti ni kimoja. So mimi nilikuwa nasomea kwa simu halafu namfunzia bandani kwa Kiswahili changu, na yeye anashika haraka kuliko mimi, saa hii themomita iko kwa mfuko wake, anajua joto la ng'ombe likipita digrii 39.5 ananiita kabla sijaamka.

Darasa lingine linaanza Januari na fomu inataka jina la mwenye shamba na idadi ya mifugo. Nimejaza jina lake, ng'ombe wanne. Amefurahi sana, ila ameniuliza swali moja, saa kumi na moja yeye akiwa darasani, nani atakuwa anakamua?