Kubadilisha mabuti ya jointi za CV kwenye Impreza WRX nyumbani: uzoefu wangu

Shafti za mbele ndizo zinazopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye tairi. Kila moja ina jointi mbili za CV zinazoiwezesha kujikunja, ya ndani upande wa gia boksi na ya nje upande wa tairi, na kila jointi imevikwa buti, yaani mpira wenye mikunjo unaotunza grisi. Kama shafti zako ni zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani, na kilichoharibika ni mpira tu, usinunue shafti nzima. Nunua seti ya mabuti. Nimeifanya kazi hii kwenye Subaru Impreza WRX ya 2003, ile ya tabo yenye injini ya lita 2 na gia za mkono, uani kwangu hapa Dar es Salaam, na nimeridhika.

Wenye gari hizi wanaijua harufu ya buti lililopasuka. Ukiikimbiza kidogo kisha ukanasa kwenye foleni, unasikia grisi inaungua, na wakati mwingine kamoshi kanapenya pembeni ya boneti. Tabo, kile kipuliza hewa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi, iko nyuma ya injini upande wa kulia, na bomba la ekzosi linashukia hukohuko, karibu kabisa na jointi ya ndani ya shafti ya kulia. Kwetu huo ni upande wa dereva. Mpira ukikaa jirani na moto miaka yote unakauka, unapasuka kwenye mikunjo, halafu kila shafti inapozunguka grisi inarushwa juu ya ekzosi. Buti la ndani la kulia ndilo huwa la kwanza kwenda, na kwangu ilikuwa hivyohivyo. La nje la upande huohuo lilikuwa bado halijapasuka, ila ukilikunja kwa vidole unaona nyufa nyembamba. Ukishaitoa shafti, ni ujinga kubadilisha moja na kuacha jingine.

Fundi mmoja wa mtaani aliniambia, "Bosi, hiyo weka shafti mpya, nusu siku umemaliza." Kwa gari nyingine ningemsikiliza. Kwenye Subaru, shafti mpya za bei rahisi zina sifa mbaya: unafunga leo, kesho gari inatetemeka ikiwa imesimama inanguruma, au unapokanyaga mafuta. Shafti za asili zimetengenezwa vizuri, na jointi zake zikilindwa na grisi safi zinaishi muda mrefu sana. Sharti ni moja tu: jointi iwe bado nzima. Gari ikilia ka-ka-ka unapokata kona huku umekanyaga mafuta, jointi ya nje imeshalika, na buti jipya halitairudisha.

Dukani, Kariakoo, nilikuta aina tatu. Kuna buti lililochanwa ubavuni, unalivisha bila kufungua chochote halafu unaliunganisha kwa gundi. Hilo sikulitaka hata kulishika, maana gundi na joto la ekzosi ni maadui. Kuna buti la mpira laini linalovutika, unalipitisha juu ya jointi kwa koni ya plastiki. Hilo lina nafuu kwa upande wa nje, ila mpira wake ni mwembamba. Na kuna seti kamili ya mpira mgumu, yenye umbo la buti la asili, klipu za chuma za kulibana buti, pakiti za grisi na saklipu (ringi ndogo ya chuma inayozuia jointi isichomoke). Hiyo ndiyo niliyochukua. Bei yake ni juu ya zile mbili, lakini bado iko chini sana ya shafti. Nilinunua na nati mpya ya habu, ile kubwa inayofunga shafti katikati ya tairi, pamoja na pini mpya ya upande wa gia boksi, kwa sababu vitu hivyo havirudishwi.

Kazi yenyewe haina uchawi, ina uchafu. Nati ya habu ni ya soketi namba 32, na mdomo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili usijifungue. Unyanyue kwanza kwa tindo ndogo, kisha ulegeze nati gari ikiwa bado chini na mtu amekanyaga breki. Lakini ilegeze kidogo tu. Ukiilegeza sana gari ikiwa imekalia tairi, unaumiza beringi. Baada ya hapo jeki, stendi mbili imara, tairi nje. Usitambae chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika tano.

Ili kupata nafasi ya kuchomoa shafti, kuna wanaotoa bolijointi ya chini, ile inayounganisha habu na mkono wa chini. Mimi niliiacha, maana kwa magari ya pwani bolti yake huwa imeshikana na kutu na kukatika ni jambo la kawaida. Nilifungua bolti mbili zinazoshika shokapu chini, namba 19. Ile ya juu ndiyo inayopanga mlalo wa tairi, kwa hiyo chora alama kwa patasi kabla hujaigusa. Fungua pia kishikio cha paipu ya breki na cha waya wa ABS visije vikavutika.

Upande wa gia boksi, shafti inashikwa na pini ya chuma inayogongwa itoke kwa panchi. Hapa WRX ya miaka hiyo inakuonea huruma: shafti fupi ya gia boksi inabaki mahali pake, kwa hiyo oili ya gia haimwagiki. Wakati wa kurudisha, angalia tundu vizuri. Linalingana kwa upande mmoja tu. Ukiona tundu limepishana kwa nusu ya jino, usilazimishe pini. Chomoa shafti, igeuze nusu mzunguko, uingize tena.

Jointi ya nje haifunguliwi. Kwa hiyo hata kama tatizo ni buti la nje pekee, lazima uifungue ya ndani na kulipitisha buti la nje kutokea huko. Ya ndani ina rola tatu juu ya msalaba. Weka alama ya rangi kwenye kikombe (ganda la jointi ambamo rola zinatembea), msalaba na shafti, ili kila rola irudi kwenye njia yake iliyoizoea. Kisha unatoa saklipu na kuuvuta msalaba.

Kabla ya kuosha, chukua grisi ya zamani kidogo tu na uisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Yangu ya nje ilikuwa nyeusi, laini, inateleza. Ya ndani ilikuwa imekonda kama uji, lakini haikuwa na mchanga. Ungesikia chembe zinakwaruza, hapo ndipo ungeanza kufikiria shafti nyingine. Nilifuta kwa matambara mpaka yakaisha, nikamalizia na dawa ya kusafishia breki, nikapitisha ukucha kwenye njia za rola. Hakuna shimo wala mfereji.

Grisi za ndani na za nje ni tofauti, na pakiti zimeandikwa. Usizichanganye, na usijazie grisi ya beringi eti imebaki nyumbani. Isukume ya nje mpaka iingie katikati ya mipira ya chuma, siyo kuipaka juujuu.

Malalamiko yangu kwa seti hii ni klipu. Za kubwa zilikuwa sawa, zile ndogo zilikuwa laini mno na moja ilikatika sikio nikiibana. Nilikwenda kununua nyingine za chuma kisichoshika kutu, na nikaazima koleo la kubania klipu, maana plaisi ya kawaida haikazi sawasawa. Tai za plastiki achana nazo kabisa. Kabla ya kubana klipu ndogo ya ndani, ingiza bisibisi nyembamba chini ya mdomo wa buti na uisogeze shafti hadi urefu wake wa kawaida, hewa iliyozidi itoke. Ukiiacha humo, buti linavimba au linanyonywa na mikunjo inasuguana.

Nati ya habu niliikaza tairi ikiwa bado hewani, mke wangu amekanyaga breki, kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha nikaugonga mdomo wake uingie kwenye mfereji. Nikapeleka gari kupima wiloalaimenti, yaani mkao wa tairi, japo alama yangu ya bolti ilikuwa imekaa palepale.

Masika yote yamepita na ndani ya rimu ni pakavu. Harufu iliendelea kidogo mwanzoni, mpaka grisi iliyobaki kwenye ekzosi ilipoungua ikaisha. Seti naipa nne kati ya tano. Nyota moja imekwenda na zile klipu. Upande wa kushoto bado una mpira wa zamani, na seti yake nimeshainunua, ila klipu za chuma nimenunua kabisa kwanza.