Yamaha C40 iliyotumika kwa anayeanza gitaa Mombasa: uzoefu wangu

Kama unaishi Mombasa na unataka kuanza gitaa, ushauri wangu ni nunua la nyuzi za nailoni. Najua vijana wengi hulitaka lile la nyuzi za chuma kwa sababu ndilo wanaloliona kanisani na kwenye video, na sina ugomvi nalo. Mimi nina Yamaha C40, gitaa la nailoni. Nililinunua kwa jamaa wa Bamburi aliyekuwa anahamia Nairobi, nikamtumia 9,000 kwa M-Pesa palepale mlangoni, na sasa kaskazi na kusi zote zimelipitia. Kaka yangu ana la chuma la bei ya chini, kwa hiyo magitaa yote mawili nimeyashika katika chumba kimoja, na joto lilelile la Tudor.

Kwanza hewa. Gitaa la mbao hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55 hivi. Hapa kisiwani tunapita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, na juu ya unyevu kuna chumvi ya bahari. Nyuzi za kaka huota kutu upesi, zikakwaruza vidole kama msasa. Nailoni haishiki kutu. Ila tusidanganyane: ni nyuzi tatu nyembamba tu ambazo ni nailoni tupu. Zile tatu nene zina nailoni ndani na nje zimezungushiwa waya mwembamba, kwa kawaida shaba iliyopakwa fedha. Huo waya hupiga weusi na sauti ikafifia, kwa hiyo nyuzi nene ndizo huchakaa mwanzo. Ukimaliza kupiga, pangusa kila uzi, juu na chini yake, kwa kipande cha leso kuukuu. Jasho la mikono yetu si la mchezo.

Wajuzi watakwambia C40 uso wake ni wa mbao za sprusi zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, si ubao mmoja mzima, na kwamba ubao mzima hutoa sauti tamu zaidi. Ni kweli. Lakini mbao za tabaka huvumilia mabadiliko ya hewa kuliko ubao mzima, na anayeanza hana haja ya kulilea gitaa kama mtoto mchanga. Vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, mimi hutia viwili vitatu kwenye begi la gitaa msimu wa mvua za Aprili na Mei. Usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani. Joto la ndani ya gari hulainisha gundi, na daraja, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi usoni mwa gitaa, likianza kung'oka utalia.

Ukinunua lililotumika, usiangalie rangi. Lishike kama mtu anayelenga shabaha, utazame shingo kuanzia juu hadi kwenye mwili: imenyooka, au imepinda kama upinde? Magitaa mengi ya nailoni hayana ule mtaimbo wa chuma ndani ya shingo ambao fundi huukaza ili kuinyoosha, kwa hiyo shingo iliyopinda ni hasara yako. Kisha chukua rula upime nafasi kati ya uzi mnene kabisa na freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, huhesabiwa kuanzia juu). Milimita 4 hivi ni sawa kwa nailoni. Ikifika 5 au 6, vidole vitaumia bure, na wengi hapo ndipo huacha gitaa wakidhani hawana kipaji. Nafasi ikiwa kubwa kidogo tu, fundi anaweza kukisugua kile kipande cheupe kilichopachikwa darajani. Pitisha pia kadi ya simu pale daraja linapokutana na uso wa gitaa. Ikiingia, gundi imeachia, rudisha gitaa kwa mwenyewe na umshukuru. Mwisho piga kila freti ya kila uzi, polepole, usikilize kama kuna mahali sauti inatetemeka vibaya au inakufa. Mwenye mali atakasirika kidogo. Muache akasirike.

Shingo ya C40 ni pana, milimita 52 pale juu, na magitaa mengi ya chuma yana kama 43. Siku za mwanzo upana huo ulinisumbua kwenye kodi ya C (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), kwa maana kidole cha pete hakikufika vizuri. Baadaye nikaona faida yake: nafasi kati ya nyuzi ni kubwa, kwa hiyo kidole kimoja hakigusi uzi wa jirani na kuuzima. Kwa mtoto au mtu wa mikono midogo kuna CS40, ambayo urefu wa nyuzi zake ni milimita 580. Yangu ni 650.

Usikubali mtu akushawishi uweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni eti lisikike zaidi. Nilipewa ushauri huo tena na mtu anayejiita fundi. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu karibu mara mbili, na gitaa hili halikuundwa kubeba mzigo huo. Uso utavimba na daraja litaruka. Kama sauti ndogo inakuudhi, kumbuka majirani wa ghorofani. Mimi hupiga usiku, mlango umefungwa, na mama wa nyumba ya pili hajawahi kubisha hodi.

Vifaa vingine havihitaji maneno mengi. Tyuna, yaani kifaa cha kupimia kama nyuzi zimekazwa sawa, ya kubana kichwani mwa gitaa inafaa kwa sababu husoma mtetemo wa mbao, hivyo kelele za tuktuk nje haziisumbui, tofauti na programu za simu zinazotegemea maikrofoni. Nyumbani simu inatosha. Kapo, kile kibanio cha kuminya nyuzi zote shingoni, ukinunua, hakikisha ni ya shingo bapa, kwa sababu nyingi zimepindwa kufuata shingo za magitaa ya chuma na haziminyi nyuzi zote sawasawa. Piki, kile kipande cha plastiki cha kucharazia, nimeweka kando kabisa, nyuzi za nailoni zinapendeza kwa vidole. Begi lenye sponji ni la lazima ukipanda matatu, na jiandae kubishana na makanga kuhusu nauli ya begi.

Mafunzo niliyapata kwa mzee mmoja aliyepigia bendi za hoteli za Nyali na Bamburi miaka mingi, wa ule ukoo wa muziki uliotoa bendi ya Them Mushrooms hapa Mombasa mwaka 1972. Huduma yake naisifu bila kusita. Hakunifundisha wimbo wowote mwanzoni. "Mwanangu, sikiliza kwanza," ndilo neno lake. Alinifunza kutuni kwa sikio: nyuzi kutoka mnene hadi mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Bonyeza freti ya 5 ya uzi wa 6, yaani ule mnene kabisa, upate A, uulinganishe na uzi wa 5 ulio wazi, na uendelee hivyo, isipokuwa uzi wa 3 unaobonyezwa freti ya 4 ili upate B. Nyuzi mpya za nailoni hutanuka kwa siku kadhaa, utatuni asubuhi na jioni zimelegea, kwa hiyo somo hili utalirudia mpaka ulizoee. Usidhani gitaa ni bovu.

Jambo la pili alilolishikilia ni mahali pa kidole: nyuma tu ya freti, karibu nayo kabisa, si katikati ya nafasi. Ukiwa karibu, nguvu ndogo inatosha. Ukiwa mbali, unaminya hadi mkono unakakamaa na bado sauti inakoroma.

Kisha kubadilisha kodi. Alinipa E na Am, akanionyesha kuwa umbo la vidole ni lilelile, unalihamisha uzi mmoja tu kuelekea nyembamba. Halafu Am na C: vidole viwili vinabaki palepale, kinahama cha pete peke yake, kutoka uzi wa 3 freti ya 2 kwenda uzi wa 5 freti ya 3. Nilipoliona hilo, nusu ya hofu yangu iliisha. Dakika moja nzima unakwenda na kurudi, mkono wa kulia ukicharaza mara moja tu kwa kila kodi, metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye pigo 60 kwa dakika. Ukikosea usisimame. F tuliiacha mpaka vidole viote sugu, na hata sasa napiga F ya nyuzi nne za chini, zile nyembamba, nikiwa na haraka.

Dakika 20 kila siku zimenifaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Vidole vikiuma sana unapumzika, maana ngozi iliyolowa na kuchubuka haijengi sugu. Usipige mara tu baada ya kuoga au kufua.

Je, C40 ina kikomo? Ndiyo. Anayetaka kucharaza na kwaya bila spika atazidiwa, na anayependa ule mlio mkali wa rumba ataishia kwenye gitaa la umeme. Kaka yangu tayari anaulizia la umeme. Mimi nimenunua seti mbili za nyuzi za akiba, nikazifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na kesho naenda kujifunza kupiga kwa gumba na kidole cha shahada.