Kasha la misumari ya shaba au la mkafuri?

Kwenye mitumba ya Mwanjelwa, Mbeya, unaweza kukuta yote mawili kwa bei ya kutupa: lenye misumari ya shaba, linaloitwa kasha la Zanzibar ingawa mengi yalitoka India, na la mkafuri lililochongwa China.

La shaba ndilo likaguliwe zaidi, maana linaigizwa sana. Pitisha sumaku juu ya misumari. Ikinasa, hiyo ni chuma iliyopakwa rangi ya shaba. Kisha chomoa droo ya chini uigeuze: kazi ya mkono huacha mawimbi ya randa, na maungio ya pembeni hayalingani. Skrubu za nyota zilianza miaka ya 1930, lakini moja tu isikukatishe tamaa. Tafuta matundu ya zamani kando yake, huenda bawaba ilibadilishwa. Mapambo yake ni mawaridi na mistari, na muuzaji anayekupa maana ya kila msumari anakupamba tu.

Ukitaka alama zinazosomeka, chukua la mkafuri. Korongo na msonobari ni maisha marefu, popo ni baraka. Mengi ni ya karne ya 20, kwa hiyo usilipie "miaka mia mbili". Kwangua ndani kidogo kwa msasa. Harufu kali ya kafuri isipotoka, ni mti mwingine.

Lolote utakalochukua, baridi ya Juni isikufanye uliweke karibu na jiko la mkaa: mbao zitapasuka.